Pasaka Isiyoishia Jaani

Kumbukumbu za Wareno zinaonyesha kwamba Ngome ya Yesu ya Mombasa iliwekwa wakfu tarehe 11 Aprili 1593. Ukiifuata kalenda, siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi, juma moja kabla ya Pasaka. Jengo lenyewe, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, lilichukua miaka mitatu hivi kukamilika, na tangu hapo halijakaa bure kwa muda mrefu. Wareno walilishikilia hadi Desemba 1698, Waomani walipolitwaa baada ya kulizingira kwa karibu miaka mitatu. Ukoo wa Mazrui ukaitawala Mombasa kutoka humo, masultani wa Zanzibar wakaweka askari wao, na Waingereza wakaligeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kisha likawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Unene wa kuta zake za matumbawe umesaidia, lakini ukuta mnene peke yake haumzuii mtu kuubomoa ili apate mawe ya kujengea kwake. Ngome imesimama kwa sababu kila utawala ulioirithi uliipatia kazi, na kitu chenye kazi hutunzwa.

Hoja ya makala haya imo humo. Kila Pasaka inapokaribia husikika wito wa mapambo na zawadi za mkono, zinazoweza kutumika tena mwakani. Wito huo ni mwema, nami nauunga mkono kwa moyo wote, ila mara nyingi huelekezwa kusikostahili. Humtaka mnunuzi awe mtu mwema zaidi: akumbuke kutunza, akumbuke kutotupa. Lakini pambo halirudi mwakani kwa wema wa mwenyewe. Hurudi kwa sababu kati ya Pasaka na Pasaka lina kazi nyumbani. Anayetaka pambo la kudumu, basi, asitengeneze pambo la Pasaka. Atengeneze chombo cha nyumba, kisha akivishe sikukuu. Pwani hii imekuwa ikitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa karne nyingi, na vingi bado vinauzwa kwa mwendo mfupi wa miguu kutoka lango la Ngome.

Majira ya kwingine

Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ulaya, wakati huo baridi imepungua, miti inachipua na kuku wameanza tena kutaga kwa wingi. Yai likawa alama ya Pasaka huko kwa sababu inayoeleweka: kanisa la zamani lilikataza kula mayai wakati wa Kwaresima, kuku hawakujua mfungo, na mayai yaliyorundikana yakapakwa rangi na kuliwa kwa furaha siku ya ufufuo. Sungura, vifaranga na maua ya manjano navyo vina kwao. Mombasa haina majira hayo. Hapa Pasaka hukuta kaskazi inakata, joto la Machi limewachosha watu, na wingu la masika liko njiani. Zamani za majahazi, huu ndio wakati Bandari ya Kale ilipojiandaa kwa safari za kurudi. Vyombo vilivyoletwa na kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, vikiwa vimeshusha tende, mazulia na makasha, vilingoja pepo zigeuke ili virejee kwao na shehena ya boriti.

Tofauti hii ya majira si jambo dogo. Vitu vinavyofika madukani mwetu kwa jina la Pasaka, yaani mayai ya plastiki ya kufunguka, sungura wa manyoya bandia, nyasi za nailoni za kutandika kikapuni na puto za rangi hafifu, vimekatwa kutoka mazingira yaliyovizaa. Katika kijiji cha Ulaya yai la Pasaka lilikuwa chakula, na liliisha kwa kuliwa. Yai la plastiki halina hata kazi hiyo. Jumatatu ya Pasaka ikishapita, hakuna nyumba ya Kibokoni, Majengo au Kisauni yenye shughuli ya kulipa, kwa hiyo huenda jaani, na masika yale yale yanayoanza wakati huo huusukuma uchafu mitaroni mpaka baharini. Kosa halimo katika mioyo ya wanunuzi. Kifaa kisicho na kazi ya pili hakina pa kwenda ila jaani.

Sheria imejaribu kuliingilia suala hili, na matokeo yake yana funzo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mahali pa mifuko ile pakaja mifuko ya kitambaa cha plastiki kisichofumwa, iliyosifiwa kuwa ya kutumika tena na tena. Haikuchukua muda mrefu kabla mamlaka ya mazingira, NEMA, kutangaza marufuku ya mifuko hiyo nayo, kuanzia 31 Machi 2019, kwa sababu mingi ilikuwa hafifu kiasi kwamba haikuweza kutumika mara nyingi. Jina lilisema kurudiwa, mshono ukasema kutupwa. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku pia katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Sheria inaweza kukataza kitu kibaya. Kukipa kitu kizuri kazi ni juu ya fundi na mwenye nyumba.

Wala tusidhani kwamba pamba na mkono vinatosha kukitakasa kitu. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya aina mbalimbali. Liligundua kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yawe pungufu ya yale ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Sababu ni kwamba kulima pamba, kuisokota na kuifuma kunakula maji, mbolea na umeme. Hesabu ile ni ya mifuko, na si halali kuihamisha ilivyo kwenye kila kitambaa, lakini kanuni yake haina ubishi: thamani ya kitu cha kudumu imo katika idadi ya siku kinazofanya kazi. Bendera za pamba zilizoshonwa kwa mkono ili zitundikwe Pasaka peke yake zingehitaji zaidi ya karne moja kufika mara 131. Kitambaa cha pamba kinachoshikwa kila siku hufika hapo kabla ya nusu mwaka.

Ustadi uliopo tayari

Tuangalie kapu la miyaa. Majani machanga ya mkoma, au ya mkindu kwa kazi iliyo laini zaidi, hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yapauke, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Zile zinazotakiwa kung'aa huchemshwa pamoja na rangi. Chane husukwa kuwa ukili, mkanda mrefu wenye upana wa vidole vichache, na ukili huo ndio unaoshonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka, kapu, kawa la kufunikia chakula au msala wa kuswalia. Kuna mambo matatu ya kuzingatia katika kazi hii. La kwanza, hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kilichobuniwa kwa siku moja. La pili, vyote vimeshonwa, na kilichoshonwa hufumuliwa: ukili ukichakaa pembeni, mshono hufunguliwa na ukili mpya ukaingizwa, ilhali kilichogandishwa kwa gundi kikivunjika kimevunjika. La tatu, vyote huhifadhika. Mkeka hukunjwa ukasimamishwa kona, makapu huingizwa moja ndani ya jingine, na katika nyumba za Mji wa Kale, ambamo vyumba ni vyembamba na jamaa ni wengi, kisichohifadhika hakidumu hata kikiwa cha chuma.

Mambo hayo matatu, yaani kazi ya kila siku, kurekebishika na kuhifadhika, ndiyo kipimo ninachopendekeza kwa kila pambo na kila zawadi, na leso inakifikia bila taabu. Wakenya wa pwani huiita leso, wengine kanga. Ni kitambaa cha pamba chenye urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, chenye pindo, mji na jina, yaani msemo uliochapwa, nacho huuzwa kwa doti, yaani jozi. Duka la Kaderdina Hajee Essak katika Mtaa wa Biashara, ambalo leso zake hutambulika kwa alama ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Leso si kazi ya mkono kwa maana kamili, kwani huchapwa kiwandani, na nyingi hutoka ng'ambo. Kazi ya mkono huanza inapofika mtaani: doti hukatwa, ncha zikapindwa, na tangu hapo mwenyewe ndiye fundi. Leso hiyo hiyo ni vazi, ni mbeleko, ni shuka, ni furushi, ni kitambaa cha meza, ni pazia la mlangoni siku ya harusi. Na kwa kuwa ina jina, inayotolewa zawadi huwa pia ni barua, bila mtu kulazimika kununua kadi.

Kanisa lenyewe lina mfano wake, wa zamani kuliko hoja zote za leo kuhusu taka. Siku ya Jumapili ya Matawi, Wakristo wa Mombasa hubeba makuti na matawi ya mitende, wengine wakiyasuka kuwa misalaba midogo. Kwa desturi ya Wakatoliki na ya Waanglikana wengi, matawi yaliyobarikiwa hayatupwi. Huhifadhiwa nyumbani, nyuma ya picha au juu ya mlango, kisha hurudishwa kanisani na kuchomwa ili majivu yake yapakwe waumini Jumatano ya Majivu mwaka unaofuata. Hapa pambo lina kazi mwaka mzima, nayo ni kuilinda imani ya nyumba, na hata kufa kwake ni kazi. Aliyetafuta kielelezo cha pambo la Pasaka linalotumika tena hakuwa na haja ya kukitafuta mbali na madhabahu.

Tena ustadi huo wa majani umevuka bahari. Tangu miaka ya 1960, vijiji vya Masasi, kusini mwa Tanzania, vimekuwa vikisuka misalaba ya majani kwa ajili ya makanisa ya Uingereza, na baadaye ya Marekani. Muumini wa Kiingereza anayepokea msalaba wa jani mlangoni mwa kanisa lake huenda ameshika kazi ya mikono ya Masasi. Biashara hiyo inathibitisha jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: kwa upande wa Pasaka, Afrika Mashariki ni mahali panapotengeneza, na ulimwengu hununua. Kwa nini basi nyumba za Mombasa, zilizozungukwa na minazi, mikoma na mikindu, zipambwe kwa nailoni iliyosafiri maelfu ya maili?

Ipo njia nyingine ya heshima, nayo ni kuoza. Wanawake wa Mji wa Kale hutunga vikuba kwa asumini, waridi na mrehani, na kikuba hunukia usiku mmoja, kesho kikanyauka. Hakuna mwenye akili atakayesema kikuba ni ubadhirifu kwa kuwa hakidumu. Maua yake yametoka uani na yatarudi udongoni. Kwa hiyo sidai kwamba kila kitu cha sikukuu lazima kidumu miaka. Nadai kwamba kitu kiwe cha kudumu chenye kazi, au kiwe cha kuoza bila kuacha alama. Kinachoumiza ni kile kilichotengenezwa kwa mali ya kudumu karne nyingi na kupewa kazi ya saa chache.

Nyumba na zawadi

Kwa kipimo hicho, nyumba ya Pasaka ya pwani inaweza kupambwa kwa uzuri usio na unyonge wowote. Mkeka mpya wa rangi hutandikwa barazani au hutundikwa ukutani, ukabaki wa wageni mwaka mzima. Doti mbili tatu za rangi zinazopatana hufunika meza na kuning'inia madirishani, kisha zikarudi kabatini zikiwa nguo. Makawa ya ukili yanayofunika pilau na mahamri yenyewe ni mapambo, maana hakuna chombo cha sherehe kinachovuta jicho kama kawa lililosukwa kwa chane za zambarau na kijani. Vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vikang'aa hubeba mishumaa usiku wa mkesha, na baada ya hapo vikawa bakuli, au vikatiwa mti vikawa kata na upawa. Anayetaka umbo la yai atalipata kwenye vibuyu vidogo vilivyokaushwa, ambavyo huchorwa kwa moto au kwa rangi, havivunjiki upesi, na vinaweza kutunza mbegu za bustani hadi masika yajayo. Makuti mabichi ya kupindwa mlangoni ni ya kuoza, na hilo halina neno.

Zawadi zifuate njia hiyo hiyo. Kapu dogo la miyaa lililojaa mabuyu, visheti na kashata lina uhondo usiopungua wa kikapu cha nailoni chenye mayai ya chokoleti, na baada ya utamu kwisha, mtoto ana kapu la kuwekea vitu vyake vya kuchezea. Furushi lililofungwa kwa leso ni zawadi mbili kwa pamoja, na hakuna karatasi ya kuchana. Wanaosafiri kurudi Nairobi au bara baada ya likizo wana mahali pa kununua kazi yenye heshima. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969, hutengeneza vito, ngozi, nguo na vinyago kwa mikono ya watu wenye ulemavu, na chama cha ushirika cha wachongaji wa Akamba kimekuwa Changamwe tangu 1963. Hata taka za baharini zimepata mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu, kandambili zilizotupwa na mawimbi zilianza kugeuzwa vitu vya kuchezea, kazi iliyokua ikawa ya kuchonga wanyama wa rangi wa kila ukubwa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, wakazindua jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili. Twiga wa kandambili hudumu mikononi mwa mtoto kwa miaka, nalo ni jambo la kushukuru, mradi tusianze kuziona taka kuwa ni mgodi wa kuendelezwa.

Majibu kwa wenye shaka

Pingamizi la kwanza ni bei, na lina uzito, maana mzazi mwenye watoto wanne na mshahara wa kibarua hawezi kuhubiriwa. Kapu la ukili linagharimu zaidi ya kikapu cha plastiki, na halina budi, kwa kuwa mtu amekaa nalo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba anayenunua pambo la siku moja hulinunua kila mwaka, ilhali anayenunua kawa hununua kitu ambacho angekihitaji hata kama kusingekuwa na sikukuu. Fedha ya mkeka haikutoka kwenye fungu la mapambo. Ni fedha ya nyumba iliyongoja siku njema ya kutumika. Ndivyo familia za pwani zilivyofanya daima: nguo, mikeka na vyombo vipya vilinunuliwa kabla ya Idi, na baada ya Idi maisha yakaendelea navyo. Asiyeweza kununua kabisa bado ana leso kabatini na makuti uani, na mapambo yake hayatazidiwa kwa uzuri.

La pili husemwa kwa sauti ya chini: Mji wa Kale ni mji wa Kiislamu, na ufundi wake haufai kuvutwa kwenye sikukuu ya Kikristo. Sharti tuheshimu wasiwasi huo, kwa sababu wapo wanaozivalisha tamaduni za watu sherehe zisizo zao ili wauze. Lakini fundi wa ukili hauzi imani, anauza kapu, na makapu na leso za pwani hazikuwahi kumuuliza mnunuzi anaswali wapi. Kanisa kuu la Waanglikana katika Barabara ya Nkrumah, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, lilipewa kuba na matao ya mtindo wa pwani bila kupoteza msalaba wake. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na katika majuma hayo masoko yale yale yaliwahudumia waliokuwa wakifuturu na waliokuwa wakimaliza Kwaresima. Chombo kisichochorwa sungura wala msalaba kinaweza kupamba meza zote mbili, kila moja kwa siku yake. Huo nao ni ushahidi wa hoja yangu, kwani chombo kinachohudumia sikukuu mbili kina kazi mara mbili.

La tatu ni la wanamazingira wenyewe: si kila kitu cha mkono ni rafiki wa ardhi. Wana haki. Uchongaji wa vinyago, ulioenea Ukambani baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kurudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikua biashara kubwa kiasi cha kuitafuna miti. Muhugu wa misitu kama Arabuko-Sokoke na mpingo ilikatwa kwa kasi isiyolingana na ukuaji wake wa polepole. Baadaye wachongaji wengi wakahimizwa kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi na iliyo mingi mashambani. Kwa hiyo mnunuzi aulize mti gani umetumika, na muuzaji awe na jibu. Mkoma na mkindu nayo inataka adabu: likivunwa jani changa na kiini kikaachwa, mti huendelea kutoa, bali vikikatwa vyote kwa pupa, ukili wa mwakani haupo. Mkono ukikosa kiasi huharibu kama mashine, ila kwa kasi ndogo.

La nne linatoka kwa wauzaji: tukiuza vitu visivyokwisha, tutamuuzia nani mwakani? Swali hili limejibiwa na Mtaa wa Biashara kwa zaidi ya miaka mia moja. Leso hudumu, na bado leso mpya hununuliwa kila msimu, kwa kuwa kuna jina jipya, kuna mwana aliyezaliwa, kuna wifi anayeolewa. Mahitaji ya kitu chenye kazi hukua pamoja na maisha ya watu, na juu yake kuna malipo ya kukarabati, ambayo plastiki haimpi mtu yeyote wa hapa. Shilingi ya sungura wa kiwandani hupita dukani na kuvuka bahari. Shilingi ya ukili huingia Lamu, Kilifi au Kwale, ikanunua unga na karo.

Yuko pia atakayesema kwamba tukiondoa mayai na sungura, watoto watakosa furaha ya Pasaka. Furaha ya mtoto haiko katika plastiki. Imo katika kutafuta kilichofichwa, kufungua kilichofungwa na kutengeneza kwa mikono yake. Mfundishe kusuka msalaba wa jani la mnazi, kuchora kibuyu, kutia rangi mayai halisi kwa manjano na maganda ya kitunguu kisha kuyala asubuhi, naye atakuwa ameifanya sikukuu badala ya kuletewa.

Linalowezekana sasa

Mageuzi haya hayangoji sheria nyingine. Makanisa ya Mombasa yanaweza kuagiza mikeka na vitambaa vyao kwa vikundi vya wanawake wa pwani, na kuwakumbusha waumini warudishe matawi yao. Hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, ambazo hujaa wageni wa ndani kila Pasaka, zinaweza kuacha puto na kupamba kwa ukili na leso, mradi ziagize mapema, mwezi wa Januari au Februari, wakati jua la kaskazi linakausha chane vizuri na kabla masika hayajaleta ukungu. Agizo la mapema humpa msusi muda wa kuomba bei ya haki, na humpa mwenye hoteli kitu kitakachobaki vyumbani miaka mingi. Makumbusho ya Ngome yenyewe, yanayopokea shule kwa shule, ni mahali panapofaa watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae pamoja mbele ya msusi mmoja na kuona ukili unavyozaliwa.

Na kwa mzazi aliyesimama dukani wiki ya Pasaka akiwa na haraka, hahitaji kukumbuka hoja zote hizi. Akishike kitu, akiulize swali moja: Jumanne baada ya Pasaka, nyumbani kwangu, hiki kitafanya kazi gani? Chenye jibu akinunue hata kikiwa ghali kidogo, kwa sababu kitamlipa. Kisicho na jibu akirudishe rafuni, hata kikiwa cha bei nafuu, hata kikiwa kimeshonwa kwa mkono, hata kikiwa kimeandikwa kwamba kinatumika tena.